Fundi Kasema Kesho

Salamu peke yake zilikula robo saa.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Salama."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mama Skola hajambo? Miguu yake?"

"Hajambo, na miguu haijambo."

"Na hali yako hiyo?" Fundi Konstantini alielekeza kidevu upande wa tumbo, kwa adabu, bila kulitazama.

"Hali yangu unaiona, fundi. Tumbo lipo, paa ndilo halipo. Unapaua lini?"

Fundi Konstantini akavua kofia, akaikagua ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo, akaivaa tena. Akatazama juu, mahali ambapo paa lilitakiwa kuwa tangu mwezi uliopita, na ambapo sasa palikuwa na mawingu ya Mlima Kwaraa tu.

"Kesho, shemeji. Mungu akijalia, kesho asubuhi na mapema."

Kesho! Hii ilikuwa kesho ya kumi na tisa. Evelyne alikuwa akizihesabu kama mfungwa anavyohesabu siku. Kesho moja mbao zilikuwa mbichi. Kesho nyingine misumari ya bati haikutosha. Kesho ya tatu fundi alikuwa msibani, na msiba ni msiba, nani atabisha? Halafu ikaja kesho ya mafundi wote kuchukuliwa na serikali, maana Babati siku hizi ni makao makuu ya mkoa, miaka sita sasa tangu Manyara ijitenge, na kila kona inachomoza ofisi au nyumba ya wageni, kwa hiyo mafundi hawapatikani. Yote hayo aliambiwa kwa sauti ya upole, pamoja na pole nyingi, na kila mara akaishia kurudi kwa mama mkwe Bagara kwa mguu huku mgongo ukimuuma, akiwa amepewa heshima zote duniani isipokuwa paa.

Kwao Nakuru mambo hayaendi hivyo. Kwao fundi akishindwa anakwambia nimeshindwa, unamfokea, anakufokea, mkimaliza kufokeana kazi inaendelea. Hapa umfokee nani? Mtu anakuitikia ndiyo huku anatabasamu, wewe ukipandisha sauti unaonekana mwendawazimu. Haki ya Mungu, watu hawa walikuwa na njia mia za kusema hapana na katika zote hizo hamna hata moja yenye neno hapana.

Na muda haukuwepo. Nesi wa kliniki alikuwa amempimia kwa vidole akasema wiki nne, pengine tatu na nusu. Evelyne alitaka kitu kimoja tu katika nchi hii ya mumewe: mtoto akizaliwa aingie kwenye nyumba ya mama yake, yenye paa juu na mlango unaofungwa kwa ndani. Hakuomba kochi wala televisheni. Aliomba mlango.

Alikuwa na sababu. Mwaka ule ule ulipoanza, vurugu za baada ya uchaguzi zilimkuta Nakuru kwenye chumba alichopanga nyuma ya saluni yake, na asubuhi moja watu aliokuwa akiwasuka dada zao walikuja wakavunja mlango yeye akiwa ndani. Alipita dirishani. Saluni ikaungua na viti vyake na vioo vyake. Mumewe Rogath, ambaye alikuwa akipeleka mbaazi Kenya kutoka Babati, alimkuta wiki tatu baadaye kwenye hema la wakimbizi, amejifunga kanga ya kuazima. Hapo ndipo Rogath aliposema basi, tunahamia kwetu. Ana kiwanja Nangara, kuta zimesimama, bado kupaua tu. Wiki mbili, alisema. Evelyne alifunga virago akiwa na mimba ya miezi sita.

Wiki mbili! Sasa walikuwa na miezi miwili nyumbani kwa mama mkwe, Bagara.

Na hapo pia, utalalamika nini? Mama Skola alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, mtu wa Rombo aliyehamia Babati zamani pamoja na mume mwalimu ambaye sasa ni marehemu. Tangu siku Evelyne aliposhuka na begi lake hakumruhusu ashike ufagio. Maji ya kuoga yalichemshwa. Uji uliletwa kitandani. Kwenye stoo alikwisha kuning'iniza mikungu ya ndizi za mtori, supu ya mzazi, na mafuta ya ng'ombe yalikuwa kwenye dumu, na alikwisha kumweleza Evelyne, kwa upole wake ule ule, kwamba mzazi wa kwao hukaa ndani miezi mitatu, anakula, analala, hagusi hata sufuria.

"Hapa hapa, mama?" Evelyne aliuliza siku hiyo.

"Utakapokuwa, mwanangu."

"Nitakuwa Nangara, kwangu."

"Haya," alisema Mama Skola, na akaenda kugeuza ndizi.

Hilo haya nalo! Evelyne alilipokea kama kibali, mjinga yeye. Hakuwa amejua bado kwamba haya la Mama Skola lilikuwa sawa na mlango uliofungwa taratibu usije ukapiga kelele.

Ukutani sebuleni kulikuwa na picha ya Skola mwenyewe, msichana mwenye mwanya, amevaa gauni la kipaimara. Evelyne alichukulia ameolewa mbali, Singida au hata Dar es Salaam, maana hapigi simu na hapa kila mtu alikuwa na ndugu Dar es Salaam. Alipomuuliza Rogath, alijibu, "Tutaongea," kisha akakumbuka kwamba gari linamsubiri. Mara moja, akitaka kuchangamsha mazungumzo, Evelyne alimuuliza mama mkwe wake, "Wifi Skola atakuja lini kutuona?" Mama Skola akamalizia kukunja kitenge alichokuwa akikikunja. "Tutaonana naye tu," akasema.

Sasa siku hiyo ya kesho ya kumi na tisa, Evelyne hakurudi Bagara. Hasira zilimpa miguu. Alivuka barabara hadi dukani kwa Zuwena, muuza vifaa vya ujenzi, ambaye mabati yao yalihifadhiwa kwenye stoo yake. Nia yake ilikuwa moja. Kama kinachokosekana ni misumari ataibeba mwenyewe kichwani, aone fundi atasingizia nini.

"Karibu mama kijacho," alisema Zuwena. "Za asubuhi? Za..."

"Nzuri zote. Nipe misumari ya bati."

Nipe, bila naomba, asubuhi yote hii. Lakini Zuwena alimwonea huruma, akavuta kigoda. "Kaa kwanza, dada. Misumari ya nini tena?"

"Ya paa. Fundi anasema haitoshi."

"Misumari yenu si alichukua mwenyewe? Mwezi uliopita. Katoni nzima." Alipolisema hilo aliona alivyokosea, maana mkono ulimwendea mdomoni. "Labda lakini nachanganya na wateja wengine."

"Hujachanganya," alisema Evelyne.

"Dada, nenda kapumzike. Jua hili."

"Zuwena, kuna nini?"

"Hamna kitu."

"Kuna nini!"

"Kamuulize mama," alisema Zuwena, na akaanza kupanga makopo ya rangi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Evelyne alirudi Nangara akipumua kama aliyebebeshwa gunia. Fundi Konstantini alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta anakula muhogo. Begi lake la kazi lilikuwa pembeni. Evelyne hakusalimia. Aliinama, akiwa na tumbo lile, akafungua zipu ya begi la mtu mzima mwanamume, na humo, chini ya nyundo na timazi, ilikuwepo katoni ya misumari ya bati, haijafunguliwa hata gundi.

Akaiweka chini mbele ya fundi. Kisha akakaa juu ya rundo la mbao.

"Sitoki hapa," alisema. "Panda juu, au niambie. Kama uchungu utanishikia hapa, utanizalisha wewe na hiyo nyundo yako."

Jasho lilimtoka fundi Konstantini. Aliweka muhogo chini, akafuta mikono kwenye suruali, akatazama huku na huku kama anatafuta mtu wa kumsaidia kusema, na kwa kuwa hakukuwa na mtu ilibidi aseme mwenyewe.

"Shemeji, mimi na Rogath tumesoma darasa moja. Mama Skola amenilisha. Siwezi kuvunja neno lake."

"Neno gani?"

"Alisema nisipaue mpaka utakapojifungua."

Evelyne alimtazama.

"Na Rogath anajua?"

Fundi alivua kofia tena. Evelyne aliijua sasa hiyo kofia.

"Zuwena anajua? Jirani pale? Mjumbe?"

"Shemeji, ni kwa mapenzi tu."

Mapenzi! Mtaa mzima ulimwona akipita kila asubuhi, na kila mtu akampa pole na karibu na pole na kazi, huku wote wanajua kwamba anakwenda kuangalia nyumba isiyoezekwa kwa makusudi. Alitembea kurudi Bagara akilia kwa hasira na akimtukana Rogath kwa Kikuyu, na waliompita njiani walimwamkia vizuri sana.

Mama Skola alikuwa uani kwenye kigoda, anamenya ndizi. Evelyne alisimama mbele yake. Hakumwamkia. Katika nyumba ile hilo lilikuwa jambo zito kuliko tusi, na Mama Skola aliacha kumenya.

"Umemzuia fundi," alisema Evelyne.

Mama Skola alitazama kisu chake.

"Miezi miwili, mama! Kila siku naenda, kila siku narudi. Ungeniambia tu. Ungesema Evelyne, sitaki uhame. Nisingekasirika hivi. Au ningekasirika, lakini ningejua! Mmenifanya mjinga na mtaa mzima. Kwa nini?"

"Kaa, mwanangu."

"Sikai."

"Naomba ukae."

Akakaa, maana mgongo ulikuwa unamkatika, si kwa sababu amesamehe.

"Kuna mambo mjamzito haambiwi," alisema Mama Skola. "Kwetu hatumwambii. Ndiyo maana Rogath hakukwambia, na fundi, na Zuwena. Usiwakasirikie. Niliwaomba."

"Mimi naomba niambiwe."

Mama Skola alimenya ndizi moja hadi mwisho, akaitia kwenye maji isipate weusi, ndipo akasema.

Skola alikuwa mtoto wake wa kwanza. Aliolewa Mutuka, mwaka wa pili tangu mkoa uanze. Mumewe alimjengea nyumba nzuri, bati jipya, mlango wa mninga, na komeo la chuma kwa ndani. Tumbo lilipokuwa kubwa Mama Skola alimwambia aje ajifungulie Bagara. Skola akasema mama, mimi nina kwangu. Mume akaenda na ng'ombe mnadani. Uchungu ukaja kabla ya siku zake.

"Majirani walipoona mlango umefungwa na kimya, walidhani amekuja kwangu," alisema Mama Skola. "Na mimi huku nilijua yuko kwake. Siku mbili. Mjumbe ndiye aliyevunja mlango."

"Na mtoto?"

"Naye."

Evelyne alikumbuka alivyouliza wifi atakuja lini. Alikumbuka na kile kitenge kilichokuwa kikikunjwa. Miezi miwili alikuwa akimwita mwanamke huyu Mama Skola, asubuhi na jioni, na wote walimwita hivyo, sokoni, kanisani, na hajawahi kujiuliza. Alitamani ardhi ipasuke. Na wakati huo huo, si uongo, hasira yake ilikuwepo pale pale, haijaenda popote. Alilia, akapangusa kamasi kwa mkono, akakuta bado amekasirika.

"Mama, pole," alisema. "Pole sana. Lakini na wewe hukuniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Kwa nini naitaka hiyo nyumba."

Basi akamwambia. Rogath alikuwa amemkataza, alisema mama ana moyo mdogo, usimtishe na habari za Nakuru. Kwa hiyo mama mkwe alijua tu kwamba saluni iliungua. Evelyne alimweleza mlango ulivyopigwa kwa shoka, alivyopita dirishani, na jinsi hadi leo hawezi kulala kwenye chumba ambacho hakukifunga yeye mwenyewe. Chumba alichopewa hapa Bagara kilikuwa na pazia tu. Mama Skola alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Pazia tu," alisema. "Na mimi nilikuwa nachungulia kila alfajiri nione kama unapumua."

"Nilikuwa nakusikia!" alisema Evelyne. "Nilikuwa nakaribia kufa kwa hofu!"

Walitazamana. Nusura wacheke, lakini hawakucheka.

"Nyumba ya Nangara ina vyumba vitatu," alisema Evelyne. "Chukua ndizi zako, na dumu lako, uje. Huo uzazi wa miezi mitatu tukae kule. Sitagusa sufuria, nakuahidi. Lakini kule, mama. Kwangu."

Mama Skola alirudisha macho kwenye beseni. "Nitafikiri," alisema.

Evelyne akainuka na kuingia ndani, amechoka hadi mifupa. Nitafikiri ya hapa alikwisha kuijua. Usiku huo alipanga maneno ambayo angemwambia Rogath, na mengi hayakuwa mazuri.

Asubuhi alikuta jiko limepoa na nyumba iko tupu. Hakukuwa na uji. Alijifunga kitenge akatoka, na alipokaribia Nangara alisikia nyundo kabla hajaiona nyumba. Fundi Konstantini alikuwa juu ya kenchi, zile mbao za kubebea bati, kofia imegeuzwa nyuma, anapigilia kwa kasi ya mtu anayelipia dhambi. Chini, kwenye rundo lile lile la mbao, alikuwa amekaa Mama Skola na chupa ya chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama Skola hakuondoa macho juu. "Huyu fundi wako mzembe sana. Nani kakutafutia?"

Paa lilikamilika kwa siku sita. Siku sita tu, baada ya kesho kumi na tisa! Rogath alirudi na gari la mbaazi, akaelezwa na mkewe mambo kadhaa, na kwa muda wa siku mbili alionekana akibeba maji, akipaka chokaa na kujibu kila kitu kwa ndiyo moja fupi.

Siku ya kuhamia, Mama Skola alikuja na mkungu wa ndizi kichwani kwa Rogath na beseni lake mkononi. Rogath akaingia moja kwa moja. Mama Skola alibaki nje ya kizingiti, amesimama.

"Hodi," alisema.

Evelyne alikuwa ndani, ameshika kiuno. Tangu ashuke katika nchi hii alikwisha kukaribishwa na kila mtu, na masikio yalikuwa yamechoka kwa kukaribishwa. Yeye mwenyewe hakuwa amemwambia mtu yeyote neno hilo, maana hakuwa na pa kumkaribishia.

"Karibu, Mama Skola," alisema. "Karibu kwangu."

"Ahsante. Nimekaribia." Akafuta miguu, akaingia.

Fundi Konstantini alikuwa anamalizia mlango. Kitasa kilikuwa kimekaa vizuri, na juu yake, kama Evelyne alivyoagiza tangu mwanzo, alikuwa amefunga komeo la chuma, nene kama kidole gumba. Mama Skola alilitazama. Akatazama pembeni. Akauliza jikoni ni wapi. Hakusema kitu, na Evelyne, aliyeishi naye miezi miwili, alimwona asivyosema.

Aliliangalia lile komeo. Alilitamani tangu kwenye hema. Usiku mwingi alikuwa amelala akisikia mlio wake, chuma kinavyoingia kwenye chuma.

"Konstantini," alisema. "Lete bisibisi. Toa hilo."

"Shemeji, si wewe uliye..."

"Toa, fundi. Leo, si kesho."

Kitasa kilikuwa na funguo mbili. Mmoja alibaki nao. Wa pili aliuweka kwenye kiganja cha Mama Skola, na alipoona mzee anautazama tu bila kuelewa, au anaelewa mno, alimkunja vidole mwenyewe.

"Nitafunga kwa ndani," alisema. "Wewe utaweza kufungua kwa nje, saa yoyote. Sawa? Na hata ukirudi kwako Bagara ubaki nao. Lakini mama, naomba kitu kimoja. Ukiona jambo hulipendi, sema. Usinyamaze, usimpitie fundi. Niambie mimi, usoni."

Mama Skola alifunga ufunguo kwenye ncha ya kanga yake, fundo moja, kisha la pili. Hilo la pili alilikaza taratibu sana, hata Evelyne akaanza tena kupandwa na hasira.

"Haya, nakwambia," alisema Mama Skola. "Hilo dirisha la jikoni amelipinda. Na wewe umesimama muda mrefu mno. Kaa chini."

Evelyne akakaa.